Nguo za Papa, Kikwembe cha Mama: Michezo ya Kujivika Inayofundisha Amani Nyumbani



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza na wazazi, walezi na wakubwa wa familia juu ya jambo ambalo wengi hulidharau: mchezo wa watoto. Hatusemi mpira wala kuruka kamba. Tunasema ule mchezo wa kujivika, pale mtoto anapochukua kofia ya papa yake, kikwembe cha mama yake au viatu vya koko yake, anavivaa na kusema, "Sasa mimi ni fulani."

Kila familia inaujua mchezo huo. Hauhitaji pesa wala mwalimu. Katika kazi yetu ya uwanjani huko Kivu tumeona kwamba unaweza kumfundisha mtoto kusikiliza, kumhurumia mwenziwe na kutatua ugomvi. Tumeona pia kwamba usipoangaliwa unaweza kumfundisha kinyume chake. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kuucheza nyumbani, yale yaliyotufaa, na makosa tuliyoyafanya sisi wenyewe.

Tulichokiona Ndosho

Jioni moja huko Ndosho, katika mji wa Goma, tulikuwa tumekwenda kumtembelea mama mmoja wa kikundi cha likelemba. Katika uwanja wa nyumba yake watoto watano walikuwa wanacheza. Mvulana wa karibu miaka minane alikuwa amevaa mabuti makubwa ya papa yake na kujifunga kikwembe kifuani kama mkanda wa risasi. Alikuwa amefunga kamba kati ya mawe mawili ya volkano. Kila aliyetaka kupita alipaswa kutoa "faranga". Faranga zenyewe zilikuwa majani.

Mdogo wao, wa miaka minne, hakuwa na majani. Mvulana alimvua kofia. Mdogo alipoitaka kofia yake, akapigwa kofi, na kofi hilo halikuwa la mchezo. Mama alituambia, "Ni mchezo tu, kila siku wanacheza hivyo."

Tulimwomba ruhusa tucheze nao. Mmoja wetu alijifunga kikwembe, akabeba beseni tupu kichwani, akafika kwenye kamba kama mama anayetoka shamba. Mvulana akamwambia, "Lipa." Akajibu, "Sina kitu, watoto wangu wananingoja, hawajala." Mvulana alinyamaza kidogo, akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Papa pia alisema hivyo. Wakamvua koti."

Mama hakujua kama mtoto alikuwa anakumbuka. Familia ilikuwa imekimbia kutoka upande wa Masisi, na njiani walikuwa wamesimamishwa kwenye bariera. Walidhani mtoto alikuwa amelala mgongoni. Tangu siku hiyo hatukusema tena, "Ni mchezo tu."

Kwa nini nguo humfanya mtoto aseme

Mtoto mdogo hana maneno mengi ya kueleza hofu yake. Ukimwuliza, "Una nini?" atajibu, "Hakuna." Lakini ukimpa kofia na kumwambia kuwa sasa yeye ni dereva, daktari au koko, maneno yanatoka, kwa kuwa si yeye anayesema. Ni dereva ndiye anayesema. Nguo inampa mahali pa kujificha, na palepale inampa ujasiri.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alieleza mwaka 1933 kwamba mtoto anapocheza kuigiza hufanya mambo yaliyo juu ya umri wake. Mtoto asiyeweza kukaa kimya dakika mbili ataweza kukaa kimya muda mrefu akiwa "mlinzi", kwa sababu mlinzi ana sheria zake, naye anataka kuzifuata. Ndiyo maana mchezo huu ni masomo. Mtoto anajifunza kujizuia bila kulazimishwa.

Wakubwa pia hujifunza hivyo. Augusto Boal wa Brazil, aliyefariki mwaka 2009, alianzisha katika miaka ya 1970 aina ya maigizo ambamo mtazamaji anaruhusiwa kuingia jukwaani, kuchukua nafasi ya mchezaji na kujaribu njia nyingine ya kumaliza tatizo. Maigizo shirikishi yanayochezwa sokoni na katika vijiji vya mashariki mwa Congo yamechota mengi kwake. Michezo tunayoieleza hapa ni ndugu mdogo wa maigizo hayo: jukwaa ni uwanja wa nyumba, na watazamaji ni watu wa familia.

Tukumbuke pia kwamba kucheza ni haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mzazi anayempa mtoto nafasi ya kucheza anatimiza wajibu wake.

Nguo zina historia

Wengine watauliza: kwa nini nguo, na si hadithi tu? Kwa sababu katika nchi yetu nguo husema mengi. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Mobutu, katika miaka ya 1970, suti na tai zilipokatazwa na wanaume wakavaa abakosti. Jina hilo latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini na suti". Wanawake nao walitakiwa kuvaa vikwembe, si suruali. Tai ilirudi mwaka 1990, siku zilezile vyama vingi viliporuhusiwa. Kwa hiyo kipande kidogo cha kitambaa shingoni kilikuwa habari ya utawala na uhuru.

Mpaka leo, tarehe 8 Machi mama zetu hushona kikwembe cha aina moja ili kuonyesha umoja wao. Shati jeupe na suruali au sketi ya bluu humwambia kila mpita njia kwamba huyu ni mwanafunzi. Na nguo za kijeshi, katika mahali kama petu, humfanya mtu akaze mwendo au asimame kabla hata hajaona uso wa aliyezivaa. Watoto wanayajua haya yote. Wamejifunza kusoma nguo kabla ya kusoma vitabu.

Saa ya kuanza ni ipi?

Familia nyingi za Kivu zimepitia siku za kufungiwa nyumbani. Machi 2020 masomo yalifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na familia nyingi za Goma zikalala Sake, Minova au ng'ambo ya mpaka, chumba kimoja watu kumi. Mwaka 2025 mapigano yaliingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na watoto wakabaki ndani majuma kadhaa bila masomo. Siku kama hizo wakubwa wanahangaika, watoto wanagombana, na fimbo inatembea haraka.

Lakini msingoje siku mbaya. Familia iliyozoea kucheza siku ya amani itajua kucheza siku ya hofu. Tunashauri mara moja kwa juma, nusu saa, kwa mfano siku ya Mungu baada ya chakula. Wakubwa waingie kwenye mchezo. Mzazi anayekaa kando akicheka na simu mkononi hajacheza.

Vitu vinavyohitajika

Hakuna cha kununua. Tafuteni katoni au gunia safi, mtie ndani:

- kikwembe kimoja au viwili vilivyochakaa na kitambaa cha kichwa;
- koti au shati la mkubwa, mkanda, tai kama ipo;
- kofia mbili tatu za aina mbalimbali;
- kikapu, beseni ndogo, kijiti cha mwiko;
- fimbo ya kutembelea ya mzee;
- miwani isiyo na vioo, au iliyotengenezwa kwa waya laini;
- majani ya mgomba na vipande vya katoni vya kutengenezea mataji, beji na vibao.

Afya iangaliwe. Nguo za mitumba zifuliwe kwa sabuni kabla ya kutumiwa. Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote, kwa kuwa kuna nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, kisha funza wake huingia katika ngozi. Mtu mwenye upele, vidonda au homa asishiriki nguo na wengine. Tuliona uzito wa jambo hili wakati wa ugonjwa wa mpox, ambao Shirika la Afya Ulimwenguni liliutangaza kuwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, na Kivu ya Kusini ilikuwa kati ya sehemu zilizoguswa sana. Mpox hupita kwa kugusana na pia kwa nguo na mashuka. Tena, msimfunge mtoto kamba shingoni wala kumvika mfuko wa plastiki kichwani, hata kwa mzaha, na msicheze karibu na mbabula wenye makala ya moto.

Makosa yetu, na sheria tulizozipata

Tulipoanza kazi hii hatukuwa na sheria. Huko Kadutu, mjini Bukavu, tulipeleka gunia la nguo tulizozinunua sokoni. Ndani yake mlikuwa na kofia ya kijani yenye madoadoa kama ya askari. Tulifikiri watoto wataifurahia, na kweli wavulana waliigombania. Lakini msichana mmoja wa karibu miaka kumi aliondoka bila neno, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hakurudi siku hiyo. Shangazi yake alitueleza sababu, nasi hatuna haja ya kuirudia hapa. Kofia ile ilikuwa kosa letu. Tuliomba msamaha kwa familia.

Mara nyingine, katika mchezo wa soko, watoto walimpa mwenzao nafasi ya mwizi, wakamwambia aseme kwa lafudhi ya kabila fulani la jirani. Wote walicheka. Hata mkubwa mmoja alicheka. Tulisimamisha mchezo, lakini tulichelewa, maana mtoto wa kabila hilo alikuwa amekaa pale pale miongoni mwetu, naye alicheka pamoja nao ili asitengwe.

Kutoka katika makosa hayo tumeandika sheria sita, ambazo tunaomba kila familia izifuate:

1. Hakuna silaha wala nguo za kijeshi. Sheria ya nchi inakataza raia kumiliki vifaa vya kijeshi, na nguo hizo zinaweza kuleta taabu kubwa nyumbani. Lakini sababu ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 ya kifungo kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika kundi lake huko Ituri na kuwatumia vitani. Jambo ambalo dunia inaliita uhalifu wa vita tusilifanye kuwa vazi la sherehe.

2. Kabila si vazi. Tunaigiza kazi, umri na nafasi za watu: mwalimu, mchuuzi, koko, mgeni. Hatuigizi "wale".

3. Kila mtu abadilishe nafasi. Aliyekuwa mkubwa awe mdogo, aliyekuwa mwuzaji awe mnunuzi. Hii ndiyo sheria yenye nguvu kuliko zote. Mchezo usiobadilisha nafasi unamfundisha mwenye nguvu kuzidi kupenda nguvu.

4. Hakuna kulazimishwa. Anayetaka kutazama tu, aachwe atazame.

5. Tunaigiza, hatupigi. Mkono ukimgusa mtu kwa nguvu, mchezo unasimama.

6. Tunavua pamoja, tunazungumza. Mwisho wa mchezo kila mtu avue nguo aliyovaa, aikunje, airudishe katika gunia na kusema jina lake halisi: "Mimi si chefu tena, mimi ni fulani." Kisha kila mmoja ajibu: ulijisikiaje ulipokuwa ndani ya nguo ile?

Michezo mitano ya kuanzia

Mchezo wa kwanza: Soko la nyumbani. Mmoja awe mama mchuuzi mwenye kitambaa kichwani na beseni ya nyanya (mawe yanatosha). Mwingine awe mnunuzi mwenye haraka. Wa tatu awe mtoza ushuru mwenye beji ya katoni. Waambieni kwamba mnunuzi ana faranga 500 na mchuuzi anataka 800. Wapatane bila kutukanana. Baada ya dakika tano wabadilishane nguo. Mtoto aliyekuwa mtoza ushuru mkali huona mambo mengine akivaa kitambaa cha mchuuzi. Kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea.

Mchezo wa pili: Papa ni Mama, Mama ni Papa. Huu huchezwa na familia nzima. Papa ajifunge kikwembe, avae kitambaa kichwani, aigize mambo ya jioni: kuchota maji, kupika sombe, kumtuliza mtoto anayelia. Mama avae koti, aingie akitoka kazini bila kitu mfukoni, akiulizwa pesa ya chakula na ya masomo. Watoto watacheka sana, na ni vizuri. Lakini kicheko kisiwe cha kudharau mwanamke au mwanamume. Katika nyumba moja papa alitamka baada ya mchezo, "Sikujua kwamba nikifika nyumbani mnaninyamazia hivi." Katika nyumba nyingine mama alisema hakuwa amefikiri jinsi mumewe anavyoogopa mlango wa nyumba yake siku asipopata kitu. Maneno hayo hayakuwa yamesemwa katika ndoa za miaka mingi. Papa anayeona haya kujifunga kikwembe aanze na kitambaa begani tu.

Mchezo wa tatu: Sanduku la koko. Mkubwa wa familia achague nguo moja aliyoitunza au anayoikumbuka: kikwembe cha harusi, abakosti ya zamani, shati la kazi. Mtoto aivae, au avae kitu kinachofanana nayo, na aulizwe maswali kama vile yeye ndiye koko: "Ulikuwa wapi siku ulipovaa hii? Jirani zako walikuwa nani? Mlikula nini?" Koko akae karibu yake, amsaidie kujibu sikioni. Hivyo watoto husikia kwamba kulikuwa na miaka ambayo watu wa lugha mbalimbali walikaa barabara moja na kuoana. Familia nyingi zilipoteza masanduku yao katika kukimbia, tangu vita vya 1996 mpaka sasa. Kama nguo haipo, mchoro wake juu ya katoni unatosha. Tumeona koko mmoja akilia mbele ya mchoro wa kikwembe, kisha akaomba kuendelea.

Mchezo wa nne: Baraza chini ya mti. Mbuzi wa jirani amekula maharagwe ya shamba. Mmoja avae kofia na kushika fimbo ya mzee: yeye ni msuluhishi. Mwenye mbuzi ajifunge kitambaa chekundu, mwenye shamba cha rangi nyingine. Kila mmoja aeleze shida yake bila kukatizwa. Kabla ya hukumu, msuluhishi aamuru: "Badilishaneni vitambaa." Sasa mwenye mbuzi aeleze shida ya mwenye shamba, na mwenye shamba aeleze ya mwenye mbuzi. Msuluhishi asitoe uamuzi mpaka kila mmoja akubali kwamba mwenzake ameeleza sawasawa. Huu unafaa watoto wa miaka minane na kuendelea. Utashangaa kuona jinsi ilivyo vigumu, hata kwa wakubwa. Mkiuzoea, uleteni siku ya ugomvi wa kweli: nani alivunja sahani, nani alichukua nafasi ya kulala.

Mchezo wa tano: Mgeni mlangoni. Watu wawili wavae nguo zisizofanana, mmoja abebe mzigo uliofungwa kwa kikwembe, wabishe hodi. Ni familia iliyokimbia, inaomba mahali pa kulala. Wa ndani wana chumba kimoja na sufuria moja ya ugali. Wajadiliane mbele ya wageni, kisha wajibu. Msiwaambie watoto jibu lililo jema. Acheni waone ugumu wake. Halafu geuzeni: waliokuwa ndani wawe nje. Huko Kivu karibu kila nyumba imewahi kuwa upande mmoja wa mlango huo, na nyingi pande zote mbili. Kama kuna familia ya wageni inayokaa kwenu wakati huo, chezeni pamoja nao tu ikiwa wenyewe wanapenda, na msiwape wao nafasi ya wageni.

Mtoto akileta jambo zito

Inaweza kutokea, kama ilivyotokea Ndosho, kwamba mtoto anaonyesha katika mchezo jambo aliloliona au alilofanyiwa. Mzazi afanye nini?

Kwanza, asimkaripie wala kusema, "Nyamaza, usiseme hayo." Mtoto akinyamazishwa mara moja, atanyamaza muda mrefu. Pili, asimchimbe kwa maswali mengi kama mpelelezi. Inatosha kusema, "Nimesikia. Jambo hilo lilikuwa baya. Si kosa lako. Sasa uko pamoja nami." Tatu, asimamishe mchezo polepole, wavue nguo, wafanye jambo la kawaida: kunywa uji, kuosha vyombo pamoja, kuimba. Nne, asilitangaze kwa majirani, wala kulirudia mbele ya wageni kama kichekesho.

Kama baada ya hapo mtoto halali, anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, hataki kula, au anarudia tendo lilelile kila siku bila kubadilika, mpelekeni kwa mtu aliyefundishwa: mshauri wa kisaikolojia wa kituo cha afya, au mhudumu wa ulinzi wa watoto wa eneo lenu. Kama mtoto ameonyesha kwamba amefanyiwa ubaya wa kingono hivi karibuni, msingoje. Afikishwe hospitalini kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai tena baada ya muda huo. Hata kama saa hizo zimepita, apelekwe vilevile, kwa kuwa matibabu mengine bado yapo. Mchezo hufungua mlango tu. Hauponyeshi kila jeraha, wala mzazi asibebe peke yake mzigo huo.

Maswali tunayoulizwa na wazazi

"Mvulana akivaa kikwembe hataharibika?" Hapana. Anavaa kwa dakika kumi ili ajue kazi ya mama yake, kisha anavua. Mtoto anayejua uzito wa beseni la maji huwa wa kwanza kumpokea dada yake.

"Sisi ni watu wa dini. Je, si kujifanya, si uongo?" Tumezungumza na wachungaji, mapadri na maimamu juu ya swali hili. Wengi walitukumbusha kwamba hata watoto wa kanisa huvaa nguo za wachungaji wa kondoo wakati wa Noeli. Uongo ni kumdanganya mtu. Katika mchezo wote wanajua. Lakini familia isiyopenda mchezo fulani iuache, ichague mwingine.

"Watoto wangu wakubwa wanaona haya." Wapeni kazi ya kutunza gunia, kuandika kisa cha baraza, au kuwa msuluhishi. Kijana wa miaka 15 hapendi kuvaa taji la majani, bali anapenda kuaminiwa.

"Tukikataza silaha, si watacheza vita mafichoni?" Watacheza, ndiyo. Hatuwezi kuwazuia kuona walichokiona. Ukikuta mtoto na bunduki ya kijiti, usimpige. Ingia mchezoni kama mtu mwingine: muuguzi, mama anayepita, mtoto aliyepotea. Uliza, "Na baada ya hapo kunatokea nini?" Mchezo wa vita husimama kwa sababu hauna jibu la swali hilo.

Tumalizie

Watasema wengine kwamba amani ya Congo huandikwa katika hoteli za nchi za mbali. Ni kweli kwamba mikataba inahitajika. Tangu ile ya Sun City ya miaka ya 2002 na 2003 tumeona mingi, na tumeona pia ikivunjwa. Lakini aliyeketi mezani kuisaini alikuwa mtoto siku moja. Mahali fulani alijifunza kwamba mwenye mabuti ndiye anayevua mwingine kofia. Kama angebadilishwa nafasi angali mdogo, labda angesikiliza zaidi. Hatuwezi kuwa na hakika, lakini kujaribu kwetu hakugharimu hata faranga moja.

Familia ile ya Ndosho bado inacheza. Mvulana hajaacha kabisa mchezo wa bariera, na mama yake hatudanganyi juu ya hilo. Ila sasa kuna sheria: anayefunga kamba lazima naye apite upande wa pili, bila majani mkononi, na aseme anakokwenda. Papa yake naye alicheza siku moja. Alisimama mbele ya kamba, na mwanawe akamwuliza, "Unakwenda wapi?" Akajibu, "Ninarudi nyumbani." Mtoto akaifungua kamba, akamvika kikwembe mabegani kama koti.

Ndugu wazazi, jioni hii tafuteni gunia, mtie ndani kofia moja na kikwembe kimoja. Waiteni watoto, na watoto wa jirani pia. Vaeni, badilishaneni, vueni, zungumzeni. Amani haianzi mbali.